Fremu Zisizopita Tanurini

12 Januari

Kwako Kitinda, mdogo wangu wa mwisho,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Najua ukishika barua unarukia chini kutafuta habari. Usiruke. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua ila mdomo haujambo, juzi kamfukuza muuza mkaa eti gunia lina vumbi kuliko mkaa. Wifi yako anakusalimu, anasema umemsahau. Mpwa wako amefaulu mtihani, sasa anatembea humu ndani kama mkaguzi wa shule, kila mtu anasahihishwa.

Haya, sasa kaa chini. Unakumbuka siku unaondoka ulisimama mlangoni pa karakana ukasema nini? "Kaka, dunia imehamia kwenye alumini, wewe baki na chuma chako mpaka kikuotee kutu mgongoni." Ukataka eti unifundishe. Nikakwambia sijafika mahali pa kufundishwa kazi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Nimejifunza mwenyewe, bibie. Fremu za baiskeli za alumini, kutoka karakana ya Baba, nembo yake iko mbele pale pale. Nyepesi, unainua kwa kidole. Wateja waliokuwa wanapita kama hawanijui sasa wanaingia wenyewe na kuniita "mtaalamu". Wa kwanza kuchukua ni Mama Mkunga, aliyempokea binti yangu na nusu ya watoto wa mtaa huu. Ile ya chuma aliyotengenezewa na Baba alikuwa anaisukuma kwa miguu akifika kilimani. Hii anapanda nayo mpaka juu hajashuka, halafu anapiga kengele kwa maringo.

Nimekuwekea picha ya baiskeli yake. Itazame vizuri, uwaonyeshe na mabwana zako wa kiwanda cha baiskeli.

Kaka yako.

---

9 Februari

Kaka yangu,

Barua imefika, na picha imefika haijakunjika. Nimefurahi Mama anafukuza watu, ndiyo dalili kwamba hajambo. Mwambie mpwa wangu hongera, na aniandikie mwenyewe, asahihishe na barua zangu. Mimi nipo. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini mbele ya moto wa kuchomelea hatuisikii. Bado nachomelea kwenye mstari ule ule wa mabomba ya mbele ya fremu, chini ya usukani.

Hongera kwa kazi. Kweli umenishangaza. Sasa nina maswali, usikasirike, ni ya fundi kwa fundi. Gesi ya kuchomelea alumini umeipata wapi huko? Mabomba umenunua kwa nani? Na ukishachomelea, fremu unazipika kwenye tanuri gani? Maana karakana yetu naijua, tanuri lenye joto la kutosha fremu nzima halimo, labda umeazima kwa muoka mikate!

Na je, uliipanda kwanza? Baba hakuwahi kupaka rangi fremu ambayo hajaipanda ikiwa tupu, na mtu mzito nyuma kwenye keria. Unakumbuka alivyokuwa anamkodi yule muuza nyama mnene?

Nijibu mapema. Nasubiri kweli.

Kitinda.

---

20 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Tupo. Mama goti limepoa kidogo, amerudi kwenye ugomvi wake na jirani juu ya ukuta. Wifi yako alikuwa na homa, imepita. Mpwa wako amepokea salamu, anasema atakuandikia ukijifunza kuweka nukta.

Maswali yako nimeyasoma. Hivi ulikuwa unaniandikia mimi au umeajiriwa polisi? Gesi ipo. Mabomba yapo. Kila fundi ana siri za jikoni kwake. Ulipoondoka ulijiona ndiye pekee mwenye kichwa kwenye nyumba hii, sasa kuona na mwingine anacho imekuuma, sema tu.

Nimeuza nyingine. Mwalimu wa hesabu kachukua, mpeleka maziwa kachukua, na mzee wa msumari, yule fundi viatu, kamnunulia mjukuu wake. Mpeleka maziwa anapakia madumu mpaka baiskeli haionekani, na fremu haijalia hata kidogo. Baba angekuwepo angecheka kwa furaha.

Kaka yako.

---

8 Aprili

Kaka,

Mpe pole wifi kwa homa, mimi mzima.

Nilikupa nafasi ya kusema mwenyewe. Hukuitumia, basi nasema mimi.

Ile fremu ya kwenye picha nimeichomelea mimi. Usitupe barua, soma mpaka mwisho. Kwenye mstari wetu wote wanaanza mshono upande wa mnyororo, ndivyo kiwanda kinavyotaka. Mimi peke yangu naanzia upande wa pili, kwa sababu ndivyo Baba alivyotuzoesha tukiunga mabomba ya chuma kwa shaba, na mkono uliokwisha kuzoea haubadiliki. Nikifika mwisho narudisha moto nyuma kidogo, kinabaki kifundo kama punje ya mtama. Msimamizi amenigombeza mpaka amechoka. Kifundo hicho kipo kwenye picha yako, chini ya usukani, umekipaka rangi ya Baba juu yake. Nilikitambua kabla sijasoma barua. Nilicheka, Kaka. Nilicheka peke yangu kama kichaa, halafu nikaacha.

Kununua fremu si dhambi. Kupachika nembo ya Baba juu yake, hilo ni lako na nafsi yako. Linalonifanya nisile ni jingine. Kiwanda chetu hakiuzi fremu tupu kwa mtu yeyote. Fremu tupu zilizotoka hapa ni za juma moja tu, juma tanuri lilipokufa. Alumini ukiichomelea, pembeni mwa mshono inalainika. Ndiyo maana fremu nzima hupikwa upya tanurini, ikazamishwa majini, ikapikwa tena taratibu, ndipo nguvu zirudi. Zile hazikupikwa. Zilitengwa zikatwe vipande ziwe chuma chakavu. Akaja mchuuzi na lori.

Fremu isiyopikwa inapendeza. Inapanda kilima, inabeba madumu ya maziwa. Siku moja inakatika. Chuma kikichoka kinajikunja, kinakwambia, unashuka. Alumini haiagi.

Zirudishe. Zote. Waambie wateja ukweli, waache kuzipanda leo hii. Mama Mkunga anashuka kile kilima kila siku, Kaka.

Kitinda.

---

2 Mei

Kitinda,

Mama mzima. Wengine wazima.

Umemaliza? Umefurahi? Ndiyo, nilizinunua. Andika kwa wino mwekundu utundike ukutani.

Nikwambie jinsi ilivyokuwa, wewe uliye mbali na kila kitu. Mabomba ya chuma yanayokuja siku hizi hata pazia hayabebi. Watu wanasimama mlangoni, wanainua fremu niliyoifanyia kazi mpaka macho yakaniuma, wanasema "nzito", wanaondoka. Wateja wa Baba, watu waliokula wali harusini kwangu, wananipita wakiwa kwenye baiskeli za dukani na kunipungia mkono. Wewe ungekaa pale unatazama migongo yao? Mchuuzi akaja na fremu zake, nikaziona nzuri. Hakuniambia habari za tanuri wala jiko. Ningejuaje?

Sasa unataka nisimame barabarani niseme: jamani, mtaalamu wenu ni mpiga rangi tu. Jina la Baba nilizike mara ya pili, kwa mkono wangu.

Na wewe? Nyani haoni kundule. Umeandika mwenyewe, "akaja mchuuzi na lori". Ulisimama pale ukaliona lori linatoka getini na fremu nzima, hata moja haijakatwa. Ulisema nini? Ulimwambia nani? Au ulirudi kwenye moto wako ukanyamaza, ili usikose kazi? Ukishamwambia bosi wako ndipo uniandikie mimi habari za ukweli.

Baba alinipa karakana mimi. Jambo hilo linakuwasha tangu mazishi, na leo umepata pa kujikunia.

Kaka.

---

19 Mei

Kaka,

Nilikupigia simu posta ya huko. Karani akasema ameagiza uitwe mara mbili, hukuja. Basi tunaandikiana.

Umeniuliza nilisema nini lori lilipotoka. Sikusema kitu. Tulikuwa watu wengi pale uani, tukatazamana, tukarudi ndani. Nikajiambia mchuuzi anakwenda kuziyeyusha, nikajua siamini ninachojiambia. Nikisema hapa nafukuzwa, na nikifukuzwa sina pa kulala wala karatasi za kubakia. Naogopa. Hilo ndilo jibu, lichukue, lifurahie.

Na karakana, ndiyo, inaniwasha. Mkono wangu kwenye shaba ulikuwa mzuri kuliko wako, Baba alijua, na mgeni akija akisifu kiungo nilichokifunga mimi, Baba anasema, "Kazi ya mwanangu mkubwa." Wewe unatazama chini, unatabasamu. Nilikuwa nasimama hapo hapo na koleo mkononi, na hakuna hata mmoja wenu aliyegeuka kunitazama.

Lakini hayo ni yetu, tutagombana mpaka tuzeeke. Wale watu hawamo. Mwalimu hamo, mpeleka maziwa hamo, yule mjukuu hamo. Mficha uchi hazai, Kaka. Muulize Mama Mkunga, hiyo methali anaijua kwa kazi yake. Kama huwezi kusema ukweli, tafuta uongo wowote, lakini zirudi. Nakusihi, na unajua mimi si mtu wa kusihi.

Kitinda.

---

30 Juni

Mdogo wangu,

Mama anauliza kwa nini barua zako siku hizi nazisomea karakana, simsomei. Nimemwambia ni mambo ya kiufundi. Wifi yako ananitazama tu.

Nimefanya ulivyotaka. Nimewapitia mmoja mmoja, nikawaambia rangi ina kasoro, nitawapaka upya bila malipo. Wakaleta. Nikawafungia fremu za chuma, za mkono wangu, nikazipaka rangi ile ile. Mpeleka maziwa kanung'unika imekuwa nzito, nikamwambia ni rangi mpya ina tabaka nyingi. Akaniamini. Ndivyo walivyo, Kitinda, wananiamini, ndiyo maana siwezi kuwaambia. Zile za alumini nimezikata kwa msumeno, mimi na mlango umefungwa.

Imebaki ya Mama Mkunga. Nilimfuata zahanati. Kaniambia, "Rangi? Mwanangu, watoto wanaozaliwa hawaulizi rangi. Nikikupa baiskeli nitawafikaje wazazi wa ng'ambo ya kilima? Subiri wapungue." Nikamwambia nitampa nyingine ya kuazima. Akasema hataki ya kuazima, hii imemzoea. Akanipapasa kichwa mbele ya wagonjwa kama mtoto. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Nitamrudia mwezi ujao. Usianze kelele.

Kaka yako.

---

14 Julai

Kaka,

Salamu nimeziacha leo. Nenda kwake sasa hivi, kabla hujakunja karatasi hii. Mwambie. Kama ulimi hautoki, iibe baiskeli, ivunje kwa nyundo, wasingizie wezi. Lakini isiwepo pale nje kesho asubuhi.

K.

---

25 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na baridi ya huko imepungua. Huku mvua zimekuja mapema, paa la karakana linavuja upande wa mashine ya kutobolea, nimeweka beseni. Mpwa wako anakusalimu sana, sasa anataka kuwa daktari. Wifi yako anashona. Mama amefunga goti kwa kitambaa na anasema limepona, ingawa anachechemea.

Barua yako ya Julai ilifika. Ilifika imechelewa.

Mama Mkunga alikuwa anashuka kilima, ametoka kuzalisha. Pale barabara inapokunja, baiskeli ilikatika chini ya usukani, pembeni mwa mshono, ulivyosema. Mbele ikaenda zake, nyuma ikaenda zake. Kaanguka juu ya mkono wa kulia. Uhai upo, ninashukuru. Ila daktari anasema vidole havitakunjika tena. Anaweza kuvitazama tu. Kazi ya kupokea watoto imekwisha.

Nilikwenda kumwona. Nilikwenda nikiwa na nia ya kusema, usinicheke. Wodi ilikuwa imejaa watu, wanawake aliowazalisha, na watoto wao wakubwa. Mmoja akasema, "Lakini Mama, si fremu hiyo imekatika?" Mgonjwa akainuka kwenye mto, akamkaripia: "Koma! Fremu za nyumba ile hazivunjiki. Baba yake kanipa moja nimetembea nayo ujana wangu wote. Mimi ndiye nimeshuka kilima kama kijana asiye na breki." Watu wakacheka. Wakanitazama. Na mimi nikacheka, Kitinda.

Jana Mama alimpelekea uji. Amerudi analia, anasema yule mwanamke kamshika kwa mkono mzima, akamwomba radhi kwa kuharibu kazi ya mtoto wake. Akamwambia, "Mwambie mwanao asinikasirikie."

Vipande nimevichukua kule barabarani mwenyewe. Havipo tena.

Sasa nikisema itamsaidia nini? Vidole vitakunjika? Yeye mwenyewe ameshapata maelezo yake na ameridhika nayo. Mama akijua atakufa. Naomba, kama dada, unyamaze. Na wewe ni mkono wako uliochomelea pale, usisahau. Sisi ni nyumba moja.

Kaka yako akupendaye.

---

17 Septemba

Kaka,

Salamu kwa Mama, kwa wifi, kwa mpwa wangu. Kwako sina.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kazini kama kawaida, nikazima moto wangu, nikamwita msimamizi mbele ya mstari mzima. Nikamwambia fremu za juma lile ziliuzwa nzima, na moja imemlemaza mtu. Akaniuliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia uko wodini. Wenzangu wote wakainamia kazi zao, hakuna aliyeinua kichwa, na siwalaumu, mwaka jana nilikuwa mmoja wao. Siku iliyofuata getini hawakuniita jina, ndiyo kufukuzwa kwenyewe. Chumba nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Sikwambii ili unihurumie. Ulisema nikishamwambia bosi wangu ndipo nikuandikie habari za ukweli, basi nimeshamwambia.

Nimechelewa na mimi. Ningesema siku ya lori, mkono ule ungekuwa unafanya kazi mpaka leo. Nitaishi nalo, sijui vipi.

Unauliza itamsaidia nini. Kaka, mwanamke amelala na mkono uliokufa, anatuomba radhi sisi. Anamwomba radhi Mama! Kila anayeingia anamweleza kwamba ni kosa lake, na wewe umekaa pembeni ya kitanda unacheka pamoja na watu. Itamsaidia kuacha kuomba radhi. Hata kama hakuna kingine, hicho ni chake, na wewe umemnyang'anya.

Uliniomba ninyamaze kama dada. Ninyi wanaume wa nyumba yetu mnakumbuka mimi ni wa nyumba hii siku ya kunyamaza tu. Baba alininyamazisha kwenye sifa. Wewe unaninyamazisha kwenye aibu. Nimechoka nazo zote mbili.

Nimemwandikia Mama Mkunga. Nimemweleza kila kitu: mimi ni nani, nilichomelea nini, lori, tanuri, nilivyonyamaza, halafu wewe, mchuuzi, rangi, na siku uliyomfuata zahanati ukafungua mdomo ukaufunga. Sikukuongezea wala kukupunguzia. Mwishoni nimemwambia hana kosa hata moja, nimeliandika mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Nilifikiri nikutangulizie wewe taarifa, ili umwahi ukamwambie mwenyewe. Nikakumbuka umeshapata nafasi hiyo tangu Aprili, na unavyozitumia nafasi. Kwa hiyo barua yake niliitia posta kwanza, nikasubiri wiki nzima, ndipo nikakaa kuandika hii.

Ukiwa umefika hapa, yeye ameshamaliza kusoma.

Kitinda.